Ukurasa wa Arobaini

Kwenye basi la Columbia Heights, huku Marekani, mama mmoja Mkenya mwenye sare ya uuguzi alikuwa amepakata boksi la vitabu vya Kikristo vya kumfundishia mtoto nyumbani, limebandikwa karatasi ya kurudishwa dukani. Mama Mkongo aliyekaa kando yake alikuwa amemaliza kusoma jalada kabla hata ya kumsalimia.

“Unarudisha? Mama, mimi natafuta hivi vitabu tangu mwezi wa sita.”

“Narudisha leo leo! Hebu ona huu ukurasa wa arobaini.”

Nami nikachungulia kutoka kiti cha nyuma yao, sikuwa na kazi nyingine. Palikuwa na picha ya kibanda cha nyasi na maneno ya Kiingereza: Leo tuwaombee watu wa Afrika, ambao bado hawajasikia habari za Yesu.

“Bon, chana ile page moja. Ingine yote iko muzuri.”

“Nichane? Ufunguo wa kanisa letu kule Nyamira unalala kwa nyanya ya mtoto wangu! Miaka thelathini yeye ndiye anafungua. Hawa wanamwombea nani?”

“Usikasirike, mama. Mutoto atasahau.”

“Atasahau?” Sauti ya yule Mkenya ilipanda hadi dereva mwenyewe akatazama kioo. “Jumamosi tumempigia nyanya simu. Msichana wangu, miaka sita, akafumba macho akaomba kwa Kiingereza: Mungu, msaidie nyanya amjue Yesu. Nyanya hajui Kiingereza. Unajua alifanya nini?”

Basi likasimama. Akainuka na boksi lake.

“Aliitikia Amina.”