Marehemu Kigoda, Aliyepima Mtandao Akiwa Ameketi

Marehemu ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1976, katika nyumba ile ile ya bondeni, chini ya barabara ya lami, ambako tumemtoa asubuhi hii. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani, aliyemtangulia, na wa mama, ambaye yuko nasi hapa mbele. Mama anasema alichelewa kutembea kwa sababu alipenda kukaa.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya ghala la mbao, akamaliza mwaka 1990. Sekondari alisoma bweni, kisha akaingia chuo cha ufundi na kupata stashahada ya mawasiliano mwaka 1998. Walimu waliandika kwamba ni mtulivu. Nyumbani tulimwita mkaidi. Wote tulikuwa sahihi.

Alianza kazi kwa kupanda minara ya simu na kufunga antena. Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni inayounda na kuuza mitambo ya minara hiyo, na baadaye akawa mpangaji wake mkuu wa mitandao ya intaneti. Yeye ndiye aliyeshauri kampuni za simu ziuziwe mitambo gani, na ianze kuwekwa wapi. Siku hizo mtandao ulipimwa kwa gari. Gari lilipita barabarani na vifaa vyake, na palipokuwa na mawimbi, ramani ilipakwa kijani. Kwenye ramani bonde letu lilikuwa kijani tupu. Lakini mama akitaka kupiga simu, alipanda mpaka kwenye kalvati, kando ya lami.

"Mwanangu," alimwambia, "mitambo yenu inawasikia wapita njia. Sisi tuliokaa haitujui."

Alichukua kigoda cha jikoni, akakitia kwenye gari.

"Na hicho utakirudisha lini?"

"Mtandao ukikukuta hapo ulipokaa, mama."

Tangu hapo alipima ndani ya nyumba za watu, madukani na kwenye zahanati, ameketi, simu sikioni. Ndipo akaitwa Kigoda. Aliandika mpango kwamba kampuni iache kusukuma minara mikubwa kando ya barabara kuu, iuze mitambo midogo ya kuwekwa juu ya mapaa, karibu na watu, na inayoweza kuboreshwa bila kung'olewa. Wangeuza kidogo kidogo, lakini kwa miaka mingi. Mpango ulikataliwa mara mbili.

"Sisi tunauza minara, bwana," mkurugenzi alimwambia. "Hatuuzi viti."

"Na mteja haishi barabarani, mkuu."

Ulikubaliwa mwaka 2021, wateja walipoanza kuhama. Alipopanga zamu za maeneo, bonde letu aliliweka mwisho. Hakutaka isemwe kwamba mgawaji amejipakulia kwanza. Mama alipouliza, alimwambia avumilie.

Alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2011 na mfamasia, ambaye alimkuta kazini. Aliingia dukani kwake, akaweka kigoda katikati ya rafu, akakaa.

"Kaka, unaumwa au umechoka?"

"Napima mtandao, dada."

"Basi pima ukiwa kwenye foleni. Wenzako wana homa."

Alikwenda kwenye foleni na kigoda chake. Walijaliwa binti na mwana.

Februari 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la safari. Ilikuwa saratani ya koo. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa kwa mionzi, na kuanzia Mei mwaka uliofuata hakusema tena. Aliongea kwa kuandika kwenye simu.

Mtambo wa bondeni uliwashwa tarehe 6 Agosti 2024, naye akiwa wodini. Fundi alimwambia mama akae ndani, mwanawe ndiye atakayepiga simu ya kwanza. Mkewe alitaka kupiga siku hiyo hiyo. Marehemu alimwandikia: "Subiri. Nikipata sauti nitapiga mwenyewe."

Mama alisubiri, simu ikiwa mapajani. Marehemu alifariki tarehe 8 Agosti, saa nne asubuhi.

Mkewe alipiga kwa simu ya marehemu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na kitanda. Iliita mara moja tu.

"Nakusikia, mwanangu," mama alisema. "Nimekaa."

Mkewe akamwambia. Hakulazimika kurudia, maana mawimbi yalikuwa mazuri.

Marehemu ameacha mama, mke, binti, mwana, na mimi mdogo wake ninayesoma haya. Kigoda kimerudi jikoni. Mwenyewe apumzike kwa amani.