Kaseti ya Kabeya

Mwaka ule watu wa Kasai walipoanza kufukuzwa Kolwezi, sisi wa mtaa wa Kapata tuliendelea kukaa kwenye benchi la Mama Stéphanie, muuza kahawa. Mgodi ulikuwa umesimama, mishahara hakuna. Midomo yetu tu ndiyo iliyobaki kazini. Siku hiyo Kabeya, mtu wa Kasai kwa ukoo na mpiga saksofoni wa bendi ya kampuni ya mgodi, alikuja na redio-kaseti. Kesho yake angepanda treni na familia yake. Kabla ya kuondoka alitaka tusikie kaseti moja aliyotumiwa na binamu yake wa Ulaya: saksofoni mbili ndani ya muziki wa ordinateur, yaani kompyuta.

— Sikieni kwanza, akasema. Musiongee.

Tukaongea.

— Ule mulio wa chini mi naujua, akasema Turbine, mzee aliyefanya kazi miaka yote kwenye mitambo ya bwawa la umeme la Nzilo. Ni turbine yetu. Bazungu balikuya kuirekodi, bakaiiba.

— Wapi! akapinga Kisimba, tuliyemwita Procureur, mwendesha mashtaka, kwa kupenda kubisha. Hii saksofoni imemeza redio. Sikia, inatafuta stesheni.

— Mutu na mashini banazungumuza, tata, Kabeya akaeleza. Saksofoni inauliza, mashini inajibu.

— Basi mashini njo mugeni. Bazee balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Procureur.

— Apone nini? Mwenyeji mwenyewe anakohoa! akadakia Turbine.

Kabeya akacheka mpaka akajifuta machozi.

Mara mapile, betri za redio, yakaanza kuisha. Saksofoni zikashuka, zikanguruma kama ng'ombe anayezaa. Ngoma za mashini zikaburuta miguu. Turbine akavua kofia.

— Aaa! Hapa njo pazuri.

— Tata, ni mapile inakufa.

— Nyamaza, Kabeya! Weye unapiga muziki tu, hauusikie.

Tukasikiliza mpaka ikazima yenyewe. Turbine akapiga makofi, peke yake.

Ndipo akafika mama mmoja, Elise, mzigo kichwani, ametoka Lubudi. Akaomba kahawa.

— Ku gare ya treni nimeona batu na bitanda na masufuria. Banaenda wapi?

— Banarudi kwabo, akajibu Procureur.

— Mi pia, kesho, akasema Kabeya.

— Kwenu ni wapi, tata?

Kabeya alizaliwa Kapata, nyuma ya kanisa. Baba yake amezikwa Kapata. Akamtazama Turbine. Turbine akamtazama Procureur. Na Procureur, ambaye hajawahi kukosa methali, akainama kufunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndala.