Dawa ya Alizeti Isipigwe Asubuhi

Ndani ya Noah ya abiria ya kutoka Ikungi, mama mmoja alimsalimia mzee aliyepakata kopo la dawa ya wadudu wa alizeti.

"Shikamoo baba. Hiyo usiipige asubuhi kwenye alizeti, utaua nyuki."

"Marahaba. Nani kasema?"

"Binti yetu Felista, anayetufundisha sayansi sokoni kila Jumamosi. Maua mengine aliyafunika chandarua, nyuki wasifike. Yakatoa mapepe matupu yasiyo na kiini, tulipasua wenyewe."

"Sasa nipige lini?"

"Jioni, nyuki wakisharudi mzingani."

"Jioni kuna upepo."

"Njoo umuulize. Mimi niliishia darasa la nne, na nimeuliza maswali matatu. Hakuna aliyenicheka."

Aliyataja maswali yake kwa fahari, kama mtu anayetaja ng'ombe wake.

Stendi ya Singida mzee alishuka bado anabisha kuhusu upepo, kisha akarudi kwenye dirisha la mama yule.

"Hiyo Jumamosi wanaanza saa ngapi?"