Bi. Evarista Kimaro na Indiketa Nne za Honda ya Mwaka 1971

Ijumaa tarehe 30 Juni 1995, Bi. Evarista Kimaro anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vipuri vya pikipiki, Girish na Wanawe, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kwa miaka ishirini na saba. Jumamosi tutakusanyika kumuaga. Mwandishi wa maneno haya, fundi katika karakana ya duka, ameombwa aandike wasifu wake wa kugawiwa wageni.

Bi. Evarista alikuja Dar es Salaam kutoka Rombo mwaka 1968, akaajiriwa kufagia na kupika chai. Siku moja Mzee Girish, mwenye duka, alimkuta ameketi stoo mbele ya boliti zilizomwagika, anazitenganisha kwa kupapasa nyuzi zake kwa kidole gumba. Wiki hiyohiyo akampa kazi ya stoo, na chai ikatafutiwa mtu mwingine. Haikupita miaka mitatu, wateja wakawa wanamfunga macho kwa leso na kuwekeana dau la soda, naye akishika kipuri anakitaja, na pikipiki kilikotoka anaitaja. Soda alizishinda nyingi. Kwa kuwa mwenyewe hapendi soda, tulizinywa sisi wa karakana.

Vipuri vilipoadimika, yeye ndiye aliyezifanya pikipiki za mji huu ziendelee kutembea. Hakuruhusu kitu kitupwe. Kioo cha indiketa kilichopasuka alikiunga kwa gundi, akakizungushia uzi mpaka kikauke, na mteja akaondoka ameridhika.

Kisha biashara ya kuagiza bidhaa nje ikafunguliwa, Kariakoo ikajaa makasha. Vipuri vya kweli na vya kuiga vilikuja katika maboksi yanayofanana kabisa. Mteja akiuliza, "Mama, hii orijino?" Bi. Evarista alijibu, "Subiri niivue shati," akakifungua kipuri palepale, wote wawili wakaona kilichomo.

Mwezi Desemba 1990 alikwenda Rombo likizo. Alipokuwa huko, alifika dukani Bwana Ignasi wa Magomeni, fundi wa mashine ya kusaga. Kelele za mashine zilikuwa zimemwondolea usikivu wote, na bega lake la kulia liliwahi kuteguka, halipandi tena. Alikuwa na Honda ya mwaka 1971. Kwa mtu asiyesikia honi wala asiyeweza kunyoosha mkono kuonyesha anakokata, indiketa ndizo zilizomsemea barabarani. Zake zilikuwa zimevunjika. Alpesh, mtoto wa Mzee Girish, alimuuzia nne mpya kutoka kwenye boksi lenye jina kubwa, zikafungwa karakanani mchana huohuo.

Siku ya tatu, karibu na Mnazi Mmoja, Bwana Ignasi aliwasha indiketa akaanza kukata kulia. Gari dogo la mizigo lililokuwa nyuma yake likampita upande huohuo, likamgonga. Alivunjika mguu mahali pawili.

Bi. Evarista aliporudi, alikuta mabaki ya pikipiki uani. Hakuvua hata kitenge cha safari. Alichuchumaa akafungua indiketa moja iliyosalia nzima. Kioo hakikuwa na chapa ya mtengenezaji iliyochomoza. Ndani, mahali pa bati la kuakisi mwanga, palikuwa na plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na rangi yenyewe inabanduka. Balbu ilikuwa ya volti kumi na mbili, ilhali pikipiki ile ni ya volti sita. Taa ya namna hiyo kivulini inaonekana inawaka. Kwenye jua la saa sita haionekani kabisa.

Alpesh alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba kosa ni la mpanda pikipiki. Bi. Evarista alimwekea ile taa juu ya kaunta.

"Alpesh mwanangu, hii tumeiuza sisi, na tumeifunga sisi. Mgonjwa aambiwe."

"Mama Evarista, tukisema hivyo tumelimaliza duka."

"Basi nitakwenda kumwambia mwenyewe."

Akaenda. Alimwandikia Bwana Ignasi kwenye karatasi, pale kitandani hospitali, nini kilikuwa ndani ya taa zake na nani alimuuzia. Kesho yake Mzee Girish, ambaye tayari alikuwa anaumwa, alijikongoja mpaka wodini kuomba radhi. Lakini Alpesh hakumsamehe. Alimwondoa Bi. Evarista kaunta, akampeleka stoo ya ghorofani, na kwa mwaka mmoja na miezi minne alizungumza naye kwa vikaratasi tu. Hatukumsikia akilalamika. Tuliona tu kwamba anashuka ngazi pole pole kuliko zamani.

Muda huo alikuwa anatafuta. Kila Jumapili baada ya misa alizunguka Kariakoo na Ilala akiulizia indiketa za Honda ya mwaka ule. Alizipata kwenye baraza la mjane mmoja wa Ilala, Bi. Sitara, juu ya pikipiki ya marehemu mumewe iliyofunikwa gunia.

"Pikipiki siuzi," alisema Bi. Sitara.

"Sikuja kununua pikipiki, dada. Naomba taa zake nne."

"Na taa siuzi."

Alirudi mara ya pili, akajibiwa hivyohivyo. Mara ya tatu alikwenda na Bwana Ignasi, kwenye magongo. Bi. Sitara alimkaribisha kiti, akamwuliza hali. Mgeni hakujibu.

"Hasikii?"

"Hasikii, dada. Akiwa barabarani husema kwa taa."

Bi. Sitara aliinuka. Akalivua gunia kwa mikono yake mwenyewe. "Fungueni. Ila siku zikiwashwa, nizione."

Taa zile Bi. Evarista alizikagua moja moja: chapa kwenye kioo, bati ndani, nyuzi za mguu wa kufungia. Balbu za volti sita alizitoa kwenye akiba yake ya miaka ya uhaba. Alisimama karakanani, tulikokuwa tumeiunda upya pikipiki ya Bwana Ignasi, mpaka nati ya mwisho ilipokazwa, kisha akataka pikipiki itolewe juani ndipo zijaribiwe. Mguu ulipopona, Bwana Ignasi alikwenda Ilala adhuhuri. Bi. Sitara alisimama katikati ya njia, mkono juu ya macho, akazitazama zikiwaka na kuzimika, kushoto na kulia. Akaingia ndani.

Mwaka 1992, miezi michache baada ya kumzika Mzee Girish, Alpesh alipanda ghorofani na kasha jipya la vipuri begani. Akalitua miguuni pa Bi. Evarista.

"Mama, hivi niviweke rafu gani?"

Tangu siku hiyo duka letu lina rafu mbili, ya orijino na ya kuiga, na mteja huambiwa ananunua kutoka ipi. Bi. Evarista alirudi kaunta.

Limebaki jambo moja. Bi. Evarista alisema "tumeifunga sisi," na katika miaka yote hii hakumtajia Bwana Ignasi jina la fundi. Fundi huyo ni mimi. Niliona mwanga ni hafifu. Wateja walikuwa wengi, nikamruhusu aondoke. Bwana Ignasi amealikwa Jumamosi, na kwa kuwa hotuba hatazisikia, nimeona niliandike hapa, alisome. Nitakuwa nimeketi meza ya karibu na mlango.

Bi. Evarista, asante kwa miaka ishirini na saba. Nenda Rombo ukapumzike, miguu yako ipone ngazi zetu. Tunakuombea siku nyingi na njema.

Abbasi Mwinyimvua
Fundi, Karakana