Ripoti ya Saa Nne

Asubuhi hiyo benchi la kahawa nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni kompyuta. Sekunde, mtu wa programu kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, alikuwa ameipakata kama mtoto mwenye homa. Jina hilo alipewa kwa sababu ukimuuliza kazi itaisha lini, hujibu, “Sekunde tu!” Saa nne kamili bosi alitaka kujua kila tawi lina vifurushi vingapi, akikosa, mkataba wa Sekunde ndiyo basi tena. Ilikuwa saa nne kasorobo, na ripoti bado inazunguka tu.

— Joto hilo, — akakata hukumu Wembe, kinyozi mwenyewe. — Ipepee.

— Joto wapi! — akadakia Profesa, fundi viatu asiyekosa jibu tangu azaliwe. — Rekodi milioni nane hizo. Zimegoma.

— Kwani zina chama?

— Na mwenyekiti! Rekodi ya kwanza kabisa.

— Jamani, nitafukuzwa kazi mie! — Sekunde karibu alie. — Inapanga vifurushi vyote kwa majina ya wapokeaji, alfabeti. Ikimaliza ndipo ivigawe kwa tawi, ihesabu.

— Basi imekwama kwenye M, — Wembe akasema. — Watu wa M wamezidi. Wafute.

— Mama mkwe wako si yumo humo? — Profesa akamuuliza.

— Anza na yeye.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja dobi, mgeni mtaani, na kikapu chake, akingoja kahawa.

— Samahani wanangu. Mimi nguo zikija, ya huyu naitupa beseni lake, ya yule lake, nahesabu, basi. Hiyo alfabeti, bosi kaiomba?

Sekunde akaisimamisha ripoti, akafuta mstari mmoja wa programu, ule wa alfabeti, akaianzisha upya. Profesa hajatua kikombe, matawi yote kumi na moja yakatokea na hesabu zake. Sekunde akaituma, kisha akamkumbatia dobi, kikapu na vyote.

— Si nilisema! — Profesa akapiga paja. — Mgomo umekwisha!

— Ni upepo, — Wembe akang’ang’ania.

Dobi akapuliza kahawa yake, akanywa funda.

— Na huo mstari, mwanangu, aliuweka nani?

Wembe akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Sekunde. Sekunde akainamia kikombe chake, kilichokwisha kahawa tangu saa tatu.