Lepe la Usingizi

Mwalimu alikuwa ameuvumilia mkoromo wa kijana aliyeketi kando yake ndani ya basi kwa vituo vinne, na sasa kichwa cha kijana huyo kilikuwa kimemwangukia begani, juu ya shati alilolipiga pasi asubuhi hiyo hiyo.

"Mama, mwamshe mwanao. Watu wanatutazama."

"Simwamshi ng'o!" mama akajibu kutoka kiti cha ng'ambo. "Huyu alipokuwa anavuta meth, ile dawa ya kulevya, alikaa siku sita bila lepe la usingizi. Alisaga meno mpaka yakavunjika, akajichuna ngozi akitafuta wadudu wasiokuwepo, na moyo wake ulidunda hata mimi nikausikia. Mimi, mama yake mzazi, akaniita mpelelezi! Daktari akasema ubongo umesahau kulala. Leo umekumbuka, mwalimu!"

"Hongera, mama. Lakini bega ni langu."

"Mwazime kidogo tu. Mbona sisi kituo chetu kimeshapita na sijamwamsha?"

Mwalimu, ambaye darasani hakuwahi kushindwa kumwamsha mtu, alikuwa bado ameliacha bega palepale basi lilipofika mwisho wa safari na dereva akazima injini. Mkoromo ukabaki peke yake, umelijaza basi zima, na mama akawageukia abiria, kidevu juu, kama mama wa bwana harusi.