Upande wa Pili wa Ukuta

Fundi wa mapazia alikuwa amefumba macho ndani ya basi, lakini masikio hayana pazia. Kiti cha mbele, bibi mmoja alikuwa akimlalamikia mwanamke asiyemjua.

"Hii mitaa mipya, mwanangu, sijui kaichora nani. Ukiingia hutokei! Juzi binti yangu kashikwa na uchungu alfajiri. Tukazunguka na gari hadi barabara kuu, mtoto akazaliwa njiani. Nusura tumpoteze mama yake."

"Pole, mama. Unakaa wapi?"

"Nyumba ya mwisho, pale barabara inapogota ukutani. Ng'ambo ya ukuta kuna tangi jekundu."

Mwanamke akashika mdomo. "Tangi hilo langu."

"Wee!"

"Nilimsikia akilia, mama. Nikasema, jamani, huyo hana ndugu wa kumpeleka kwa mkunga? Na mkunga mwenyewe ni mimi."

Fundi macho yakamtoka. Kujifanya amelala kukaishia hapo.

"Ulisikia, ukanyamaza?" bibi akamuuliza.

"Ningepita wapi? Juu ya ukuta mmepanda vipande vya chupa!"

"Tumepanda sisi? Si nyinyi?"

"Basi mngegonga, mama!"

"Nigonge ukuta? Nani anapiga hodi ukutani?"

Basi likasimama. Mkunga akashuka bila kuaga, kwake ni hatua chache tu. Bibi akabaki kitini. Yeye alikuwa bado na nusu saa ya safari kufika kwenye ukuta uleule.